Jibu la Sekunde Nne

Jaji alijibu kwa sekunde nne, na hapo ndipo Renata Sobczak alipoanza kukosa raha.

Jaji hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya kompyuta, na jina hilo waliipa wenyewe pale maabara, ghorofa ya tatu ya chuo kimoja cha Pittsburgh, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusikiliza kesi na kukata hukumu. Unaiandikia itifaki, yaani nani anamtumia nani ujumbe gani na kwa ufunguo upi. Halafu unaiandikia sifa ambazo itifaki hiyo lazima izitimize, liwe jua iwe mvua. Ukimaliza, Jaji anamfungulia Adui. Adui huyu wa kwenye karatasi ana kila uwezo isipokuwa funguo za watu: anasikia kila ujumbe, anauzuia, anauchelewesha, anatunga wake na kuutuma kwa jina la mwenzake. Jaji anapekua njia zote ambazo Adui anaweza kupita. Ikipatikana hata moja, alama nyekundu. Isipopatikana, kijani. Watu wa kazi hii ndivyo walivyo, wanaweza kuacha kula mchana kwa hofu ya Adui waliyemtunga wenyewe asubuhi.

Ijumaa hiyo saa sita zilitoka kijani tatu mfululizo. Itifaki ilikuwa ya pampu ya insulini, kidude kinachotosha kiganjani, kinachovaliwa kiunoni, ambacho muuguzi aliye kliniki angekiamuru kutoka mbali: ongeza dozi, punguza, simama. Renata aliziandika sifa zake kwa mkono wake mwenyewe. Ya kwanza: kila amri ambayo pampu imeitii, muuguzi ndiye aliyeitoa. Ya pili: Adui asizijue funguo kamwe. Ya tatu: amri iliyotolewa mara moja isitiiwe mara mbili.

Wiki mbili nzima Jaji alikuwa akiitafuna itifaki hiyo saa moja, saa mbili, kisha anakwama bila kutoa jibu. Jumanne Renata akafanya usafi. Faili lilikuwa refu kama treni ya makaa. Akalikatakata, hatua za kiwandani akaziweka peke yake, za kliniki peke yake, za pampu peke yake. Na leo, sekunde nne.

"Umeona?" Profesa Haddad aliuliza kutoka mlangoni. Ndiye mkuu wa maabara, mzee anayeweka penseli sikioni ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiandika kwa penseli.

"Nimeona, Profesa. Ndiyo inayonisumbua."

"Inakusumbua nini tena? Wiki mbili umenililia kwamba Jaji hajibu. Leo kajibu, unalia kwamba kajibu."

"Kajibu upesi mno."

"Faili lilikuwa chafu, umelisafisha. Mtu akishafagia nyumba, anashangaa kuiona sakafu?" Alicheka mwenyewe. "Jumatatu saa tatu asubuhi ripoti inakwenda kliniki. Alhamisi wanaanza kuwavisha wagonjwa kumi na wawili. Na mzee wako yumo, au nimekosea?"

Hakukosea. Renata alilijaza jambo hilo kwenye fomu tangu siku ya kwanza, na Profesa alipolisoma alisema vizuri sana, basi utakagua mara mbili. Sasa alikuwa amekwisha kukagua mara mbili, mara zote sekunde nne. Alifunga kompyuta, akaitia kwenye mkoba, lakini ile namba ilimfuata mpaka kwenye ngazi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hili lilikuwa halivumi kabisa, na yeye alitaka kujua ndani mna nini.

Baba yake, Kazimir, alikuwa na miaka sabini na minne, mchomeleaji wa vyuma mstaafu. Mwezi wa kumi sukari ilimshuka akiwa kwenye taa za barabarani. Gari likapanda taratibu juu ya njia ya miguu, likaenda kuegemea sanduku la posta. Hakuumia mtu, ila leseni ilikwenda. Daktari akampa sharti: vaa pampu hii mpya, ukae miezi sita bila kuanguka, nami nitatia sahihi uendeshe tena. Mzee alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Dada yake Jadwiga, mwenye miaka themanini na mmoja, alikuwa mji wa Erie, mwendo wa saa mbili kwa gari, na siku hizi hatoki kitandani. Renata alikwisha kumwambia mara nyingi, Baba, nitakupeleka. Jibu lilikuwa moja: "Siendi kwa dada yangu kama kifurushi."

Jumamosi theluji iliamka imefika magotini. Renata alipita kanisani, ambako kina mama huuza pierogi, sambusa za Kipolandi za kuchemsha, kwenye ukumbi wa chini, akanunua dazeni mbili zilizojazwa viazi na jibini, akaliacha gari bondeni na kupanda mlima kwa miguu. Mbele ya nyumba ya baba yake nafasi ya gari moja ilikuwa imepigwa koleo mpaka lami ikaonekana, kingo zake zimenyooka kama sanduku. Katikati kilikaa kiti cha kukunja, cha bati jepesi na mikanda ya kijani na nyeupe, kile kile cha tangu Renata yuko shule ya msingi. Hakuna asiyejua maana yake katika mji ule. Aliyepiga koleo ndiye mwenye nafasi, na kiti ndiyo hati.

Jirani, Odessa Pruitt, muuguzi wa hospitali, alikuwa amesimama kando ya kiti amevaa nguo za kazi chini ya koti, mikono kiunoni.

"Renata! Mwambie baba yako aniondolee hiki kiti."

"Kimekukosea nini, dada Odessa?"

"Hakijanikosea, kimekaa tu. Mimi nimetoka zamu saa moja asubuhi, nimezunguka mtaa mara nne, gari nimeliacha kule kanisani, nimepanda mlima na viatu hivi, vione! Nafika hapa nakuta nafasi safi, unaweza ukapakua chakula chini ukala. Na mwenyewe hana gari!"

"Si ukisogeze tu?"

Odessa alimtazama kana kwamba ameambiwa aibe sadaka. "Kiti cha mtu? Mimi nimezaliwa mji huu, mwenzangu. Usinitafutie balaa."

Ndani, Kazimir alikuwa dirishani na kikombe cha kahawa, ameona yote.

"Kanisema sana?"

"Kasema huna gari, Baba. Na kweli huna. Umeliuza Novemba."

"Nimeuza gari. Sikuuza nafasi. Nikirudishiwa leseni nitaegesha wapi, kichwani kwako?" Alipokea pierogi, akanusa karatasi, akaridhika. "Halafu nikwambie kitu, Renia wangu. Sijapata ulinzi mzuri kama wa mwaka huu. Nilipokuwa na gari, kila baridi ni ugomvi. Mara kijana wa piza, mara fundi bomba, mara wageni wa arusi. Mwaka huu? Kila gari lililoegesha pale, limeegesha kwa ruhusa yangu. Kila moja!"

"Magari mangapi?"

"Mangapi nini?"

"Yaliyoegesha. Kwa ruhusa yako. Mangapi?"

Mzee alifikiri kwa haki, kama mtu aliyeulizwa mahakamani. "Hakuna," akasema. "Lakini kila moja."

Renata alikuwa amevua kiatu kimoja. Alibaki vile vile, mguu mmoja na soksi juu ya zulia lililolowa, akimkodolea baba yake macho. Kila amri ambayo pampu imeitii, muuguzi ndiye aliyeitoa. Ngapi? Katika wiki zote zile alimuuliza Jaji kuhusu wezi, waongo na wadukuzi. Hakuwahi kumuuliza kama pampu ilikwisha kutii amri hata moja.

"Baba, ondoa hivyo vikombe mezani."

"Pierogi je?"

"Bandika maji. Nitakusaidia."

Hakumsaidia. Alifungua kompyuta kwenye meza ya jikoni, kiatu kimoja bado mguuni, akaandika swali jipya: ipo njia yoyote, hata moja tu, ambayo muuguzi anatoa amri na pampu inaitii? Hakumtia Adui wala balaa lolote. Swali hilo ni la mtoto mdogo, na pengine ndiyo maana watu wazima wenye shahada tatu walilipita bila kuligusa.

Jaji alijibu kabla hajaondoa kidole. Hakuna.

Ilimchukua robo saa kuona sababu, na alipoiona aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Siku ile ya usafi, hatua ya kiwandani, ile inayoipa kila pampu ufunguo wake, aliikata vizuri, akaiweka kwenye kipande chake, na kile kipande hakukiunganisha na vingine. Kwa hiyo katika ulimwengu aliouandika, kila pampu ilizaliwa bila ufunguo. Haikuweza kufungua ujumbe wowote, wa muuguzi wala wa Adui. Ilikaa kimya kiunoni mwa mgonjwa mpaka mwisho wa dunia, na Jaji, ambaye hajui utani, akaithibitisha kuwa salama. Kijani zote tatu zilikuwa za kweli, na zote hazikuwa na faida kwa mtu yeyote.

"Umekuta nini?" Kazimir aliuliza. Alikuwa amekwisha kukaa kiti cha pili bila kualikwa.

"Nimekuta kiti chako."

"Kiti changu kimefikaje humo?"

Akamweleza. Alidhani itabidi arudie, lakini mzee alikuwa amechomelea mabomba ya mvuke miaka thelathini na mmoja na alizijua hati za ukaguzi. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Bomba halijapitishwa mvuke, mkaguzi kaandika halivuji."

"Ndivyo hasa."

"Na huyo mkaguzi ni wewe."

"Ni mimi, Baba."

Mzee alilikaribia jambo lenyewe polepole. "Na Alhamisi?"

"Alhamisi haipo tena."

Kazimir aliinuka kwa nguvu hata kiti kikagonga jiko. "Kijani ulikuwa nayo! Mkubwa wako kasema kijani. Ungetulia, ripoti ikaenda, nani angejua?"

"Adui."

"Adui gani? Umemtunga mwenyewe!"

"Wa kwenye karatasi nimemtunga mimi. Yuko mwingine ambaye hakutungwa na mtu."

Mzee alimpa mgongo, akatazama maji yaliyokuwa yakichemka. Renata aliumia. Alijua vizuri kuwa anachomnyima si chombo cha kiunoni, ni barabara ya kwenda Erie, na dada aliye mwisho wa barabara hiyo hana miezi ya kumsubiri mtu.

"Irudishe basi hiyo hatua," Kazimir alisema bila kugeuka. "Mpe ufunguo wake. Labda itakuja kijani ya halali, na Alhamisi yangu irudi."

Hata Renata alikuwa anatamani hivyo. Alikiunganisha kipande cha kiwandani, akamuuliza Jaji kwanza lile swali la kitoto. Safari hii jibu lilikuwa: ipo. Kisha akazirudisha zile sifa tatu na kumfungulia Adui mlango.

Jaji akaanza kutafuna. Nao wakala. Kazimir alikaanga kitunguu kwa siagi, akamimina juu ya pierogi, na kila baada ya vipande viwili aliinamia kioo cha kompyuta akauliza, "Sasa yuko wapi?" Renata anamjibu, "Anajaribu kujifanya muuguzi." Dakika kumi baadaye, "Na sasa?" "Anajaribu kuchanganya pampu ya mtu na ya mwingine." Hasira ya mzee ilikuwa bado ipo, ila udadisi ulikuwa umeipita kimo. Kwa kweli hata Renata alishamsahau Profesa, akasahau Jumatatu. Kazi yake aliipenda kwa ajili ya dakika kama hizi, pale jibu linapokuwa halijulikani na kuna mtu wa kungoja naye.

Sifa ya kwanza ilitoka kijani baada ya dakika ishirini na sita. Ya pili ikafuata. Wameshaosha sahani, ya tatu ikatoka nyekundu.

"Aha," alisema Kazimir. "Kapita wapi?"

Renata aliifuata njia ya Adui hatua kwa hatua, kidole juu ya kioo. "Tazama. Muuguzi anatuma amri: toa dozi mbili. Imefungwa kwa ufunguo, Adui hawezi kuisoma wala kuibadilisha. Basi haihangaikii. Anainakili tu kama ilivyo."

"Halafu?"

"Kila amri ina namba. Pampu inakumbuka namba ya mwisho, ikiletewa ya zamani inaikataa. Mpaka hapo ni salama. Lakini soma hapa, waliotengeneza pampu waliandika wenyewe: betri ikibadilishwa, hesabu inaanza upya. Adui anangoja betri. Kisha anaituma nakala yake ya zamani, pampu inaona ufunguo ni wa muuguzi, namba inakubalika, inatii."

"Mara moja."

"Ana nakala za wiki nzima, Baba. Anazituma zote kwa mpigo."

"Betri inabadilishwa lini?"

"Kila wiki mbili. Wanakushauri ubadilishe asubuhi, kabla ya kula."

Kazimir alikausha mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Hujichoma dozi nne akila vizuri, sita siku ya sikukuu, na alijua mwenyewe dozi moja tu ya ziada ilivyompandisha juu ya njia ya miguu mwezi wa kumi.

"Ingetoa ngapi?"

"Mpaka chupa yake iishe."

"Ina ngapi?"

"Mia tatu."

Mzee alikitundika kitambaa msumarini. Kilianguka, akakiokota, akakitundika tena.

Renata alimpigia Profesa Haddad papo hapo. Alimkuta kwenye mashindano ya kuogelea ya mjukuu wake, kelele za watoto nyuma yake, na ilibidi aseme mara mbili.

"Ngoja," Profesa alisema. "Pampu zilizotii amri zilikuwa ngapi?"

"Hakuna hata moja, Profesa. Sikuuliza."

Profesa alisogea mbali na kelele. "Mimi nina miaka ishirini na tisa kwenye kazi hii," akasema, "na mimi sikuuliza. Ripoti haiendi. Uandike hivyo, sote wawili hatukuuliza. Jumatatu nitawapigia kliniki mimi mwenyewe, nitukanwe mimi." Kisha kwa sauti ya chini: "Mpaka wairekebishe hiyo hesabu ya betri, ni kiangazi. Mzee kashajua?"

"Yuko hapa."

"Msalimie. Mwambie pole."

Alipokata simu, jikoni hapakuwa na mtu. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, baridi inaingia bila haya. Renata alivaa kiatu cha pili akatoka mbio, kwa kuwa hasira ya baba yake alikuwa anaijua tangu utoto.

Kazimir alikuwa katikati ya nafasi yake, hana kofia, anapambana na kiti. Barafu ilikuwa imekamata miguu ya bati. Alikipiga teke, kikaachia. Akakikunja, akakitia kwapani.

"Wewe Odessa!" alipaza sauti kuelekea nyumba ya pili. "Umelala?"

Dirisha la juu lilifunguliwa. "Ningekuwa nimelala sasa hivi ningekuwa nimeamka! Nini?"

"Lete gari."

"Gari gani?"

"Lako! Mimi ninalo? Lete hapa uegeshe, kabla sijabadili mawazo. Na ulinyooshe, nimezinyoosha hizi kingo kwa mkono."

Odessa hakuuliza la pili. Walimsikia akishuka ngazi za nyumba yake mbio mbio.

Renata alimkaribia baba yake. Alitaka kumwomba radhi akakosa pa kuanzia, kwa sababu radhi ya kosa lake na radhi ya ukweli wake zilikuwa zimefungwa pamoja. "Baba, kiangazi si mbali," akasema, akajua ni uongo.

"Jadwiga hafiki kiangazi," alisema Kazimir. Alilisema waziwazi, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. "Lile swali lako la mwanzo, ulilomuuliza Jaji leo. Lirudie."

"Kama ipo njia hata moja ambayo pampu inatoa dawa."

"Sasa utaliuliza la kwanza siku zote?"

"La kwanza kabisa, kabla ya Adui."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Gari la Odessa lilikuwa likipanda mlima kwa kunguruma, taa zimewashwa mchana kweupe. Kazimir alisogea kando kulipisha, macho yakiwa kwenye zile kingo zake.

"Gari lako liko bondeni?" akamuuliza bintiye.

"Karibu na kanisa."

"Lina mafuta ya kutufikisha Erie?"

Renata alitikisa kichwa, ndiyo, na machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa.

"Basi kanichukulie kofia na sindano zangu. Nitakwenda kama kifurushi." Alikisogeza kiti kwapani, akaanza kuteremka mlima mbele yake, hatua fupi fupi kwa ajili ya barafu. "Hiki tunakwenda nacho. Chumbani kwa Jadwiga kuna kiti kimoja tu, na mimi leo nataka kukaa."